Nani anajaza nafasi za hifadhidata kila saa nne asubuhi?

Swali la msomaji: Nasimamia mfumo wa stoo na malipo wa duka la jumla hapa Morogoro. Umeandikwa kwa Python, yaani Flask na SQLAlchemy juu ya Gunicorn. Kuna seva mbili za programu, kila moja ina michakato minne na kila mchakato una nyuzi (threads) 16. PostgreSQL 15 iko peke yake kwenye seva ya tatu ya Ubuntu. Siku mbili tatu kwa wiki, inapokaribia saa nne asubuhi, kila kitu kinagoma na logi inajaa `FATAL: sorry, too many clients already`. Hata mimi nikijaribu kuingia kwa `psql` kama `postgres` nafungiwa nje, basi nawasha upya hifadhidata na programu, mambo yanatulia siku moja au mbili. Fundi mwenzangu anasema nipandishe `max_connections`, kikomo cha miunganisho ya hifadhidata, kutoka 100 hadi 500 yaishe. Sina mitambo ya kuonyesha grafu, nina SSH na terminali tu. Je, naweza kuandika skripti ya kufuatilia nani kaunganishwa? Na hiyo 500 niiweke?

Jibu: Hiyo 500 iache kwanza. Skripti inawezekana, ni fupi, na nitakuwekea nzima hapa chini. Lakini maelezo yako yenyewe yana dalili mbili ambazo zinafaa kusomwa kabla hatujaandika hata mstari mmoja.

Ya kwanza ni ule ujumbe wa kosa. PostgreSQL isipobadilishwa huja na nafasi 100, na 3 kati ya hizo hutengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu kupitia `superuser_reserved_connections`. Mtumiaji wa kawaida akifika 97 zikiwa zimekaliwa hupewa ujumbe mwingine, unaoanza na `remaining connection slots are reserved`. Wewe unapata `too many clients already`, maana yake zote 100 zimekwenda, pamoja na zile tatu za akiba. Inaweza kutokea kwa sekunde chache programu zikibisha hodi kwa fujo, kwa sababu hata anayekuja kukataliwa hushika nafasi wakati anakaguliwa. Kwako lakini hali inadumu mpaka uzime na kuwasha, na wewe mwenyewe, msimamizi, huna pa kupita. Kwa hiyo nashuku kwamba programu yako inaingia kwa jina la `postgres`, ambaye ndiye msimamizi mkuu. Fungua faili la mipangilio uangalie. Nimeyakuta hayo kwenye mifumo mingi, ukiwemo mmoja niliousimika mimi mwenyewe enzi za haraka haraka. Programu ikiingia kama msimamizi mkuu inakula mpaka zile nafasi tatu ulizowekewa wewe za siku ya dharura.

Dalili ya pili ni hesabu ya darasa la tatu. SQLAlchemy, maktaba inayoiunganisha programu na hifadhidata, usipoiambia kitu huweka akiba ya miunganisho 5 kwa kila mchakato, na ikizidiwa hufungua mingine hadi 10 ya ziada. Akiba hiyo ni ya mchakato mmoja, jirani yake haijui. Una michakato 8, na 8 mara 15 ni 120, wakati nafasi ni 100. Mfumo wako umeruhusiwa kwa maandishi kuomba zaidi ya kilichopo. Siku nyingi haufiki huko kwa sababu muunganisho ukirudishwa mapema, 5 kwa kila mchakato zinatosha. Siku kitu kinapochelewesha kurudishwa kwake, unafika.

Kitu gani kinachelewesha? Hapo ndipo skripti inapohitajika, maana ukiwasha upya unafuta ushahidi wote. Ukirudi kutazama baada ya hapo unakuta miunganisho mitano sita imetulia kama haijawahi kutenda kosa.

Kwanza itazame kwa macho

Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili kwenye mfumo wa uendeshaji, na kila mmoja una mstari wake kwenye jedwali la kutazamia tu liitwalo `pg_stat_activity`. Ingia kwa `psql` sasa hivi, mfumo ukiwa mzima, uandike:

```sql
SELECT usename, application_name, client_addr, state, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
GROUP BY 1, 2, 3, 4
ORDER BY 5 DESC;
```

Kisha andika `\watch 5` ubonyeze Enter, na jibu litajirudia kila sekunde tano. Kwa mtu aliye na SSH tu hii ni nusu ya kazi. Sharti la `backend_type` linaondoa michakato ya ndani ya hifadhidata yenyewe, ambayo ina mistari humo lakini haihesabiwi kwenye zile 100.

Safu ya kuitolea macho ni `state`. Ukiona `active`, muunganisho una amri inayotekelezwa sasa. Ukiona `idle`, umekaa tuli ukisubiri kazi, na hauna ubaya wowote zaidi ya kukalia kiti. Ukiona `idle in transaction`, kuna mtu alifungua muamala (kundi la amri zinazokamilishwa kwa pamoja), akafanya jambo, kisha akanyamaza bila kufunga. Huyo ndiye wa kuogopwa. Anashikilia makufuli yote aliyokwisha kuyachukua, na akikaa muda mrefu huweza kuzuia `VACUUM` isisafishe mabaki ya mistari iliyokufa kwenye majedwali, hata yale asiyoyagusa. Mfano wake ni abiria wa daladala aliyefika kituo cha mwisho akasinzia kitini.

Nataka nikae kidogo kwenye safu ya `query`, kwa sababu imewapoteza wengi, mimi nikiwa mmoja wao. Ikiwa `state` ni `active`, hiyo ni amri inayotekelezwa. Ikiwa ni kitu kingine chochote, hiyo ni amri ya *mwisho*, iliyokwisha kutekelezwa. Utamwona mtu na `SELECT jina FROM bidhaa WHERE id = 7`, umri wa dakika arobaini, ukakimbilia kuongeza faharasa kwenye jedwali la bidhaa. Hiyo `SELECT` ilimaliza kwa milisekunde mbili. Dakika arobaini zilizobaki ni programu yako iliyokwenda kufanya mambo mengine na muamala mkononi. Kwa hiyo soma `query` hapo kama alama ya mguu: inakuambia msimbo ulipita wapi mara ya mwisho, na kosa liko kwenye mistari *inayofuata*.

Skripti yenyewe

Skripti tutaiita mlinzi. Mpe akaunti yake. Usimtumie `postgres`, tumeshaona gharama ya mazoea hayo.

```bash
sudo adduser --system --group mlinzi
sudo -u postgres psql -c "CREATE ROLE mlinzi LOGIN CONNECTION LIMIT 3"
sudo -u postgres psql -c "GRANT pg_monitor TO mlinzi"
sudo install -d -o mlinzi -g mlinzi -m 750 /var/log/mlinzi
sudo install -d /opt/mlinzi
```

`pg_monitor` ipo tangu toleo la 10. Bila hiyo mlinzi hataona hali wala amri za watumiaji wengine, na utahesabu hewa. Skripti inakaa kwenye seva ileile ya hifadhidata na kuingia kwa soketi ya ndani, na kwa mpangilio wa kawaida wa Ubuntu jina la mtumiaji wa Linux likilingana na la hifadhidata, neno la siri halihitajiki. Hutaandika nywila popote. Hilo pekee linanitosha kuikimbilia njia hii.

Faili la kwanza, `/opt/mlinzi/hesabu.sql`, linatoa mstari mmoja tu wa tarakimu:

```sql
SELECT count(*),
       count(*) FILTER (WHERE state = 'active'),
       count(*) FILTER (WHERE state = 'idle'),
       count(*) FILTER (WHERE state LIKE 'idle in transaction%'),
       count(*) FILTER (WHERE wait_event_type = 'Lock'),
       coalesce(max(extract(epoch FROM now() - xact_start))
         FILTER (WHERE state LIKE 'idle in transaction%'), 0)::int,
       current_setting('max_connections')
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend';
```

La pili, `/opt/mlinzi/picha.sql`, ni la kupiga picha nzima mambo yanapoharibika:

```sql
SELECT pid, usename, application_name, client_addr, state,
       wait_event_type,
       (now() - xact_start)::interval(0),
       pg_blocking_pids(pid),
       left(regexp_replace(query, '\s+', ' ', 'g'), 100)
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
ORDER BY xact_start NULLS LAST;
```

Na `/opt/mlinzi/mlinzi.sh`:

```bash
#!/usr/bin/env bash
set -u
umask 027
export PGHOST=/var/run/postgresql PGUSER=mlinzi PGDATABASE=postgres
export PGAPPNAME=mlinzi PGCONNECT_TIMEOUT=5
LOGI=/var/log/mlinzi
SAA=$(date '+%F %T')
P="psql -XAtq -v ON_ERROR_STOP=1"

if ! MSTARI=$($P -F ' ' -f /opt/mlinzi/hesabu.sql 2>&1); then
  echo "$SAA IMESHINDIKANA $MSTARI" >> "$LOGI/hesabu.log"
  { echo "== $SAA ps"; ps -eo pid,etime,args | grep '[p]ostgres:'; } \
    >> "$LOGI/picha.log"
  exit 1
fi

echo "$SAA $MSTARI" >> "$LOGI/hesabu.log"
read -r JUMLA KAZI TULI WAZI FOLENI UMRI KIKOMO <<< "$MSTARI"

if (( JUMLA * 100 >= KIKOMO * 80 || UMRI > 300 )); then
  { echo "== $SAA"; $P -F '|' -f /opt/mlinzi/picha.sql; } >> "$LOGI/picha.log"
fi
```

Ipe ruhusa ya kutekelezwa kwa `chmod 755`, kisha weka mstari huu kwenye `/etc/cron.d/mlinzi` ili iendeshwe kila dakika:

```
* * * * * mlinzi flock -n /var/log/mlinzi/kufuli /opt/mlinzi/mlinzi.sh
```

Mambo machache humo hayajielezi yenyewe. `-X` inaizuia `psql` kusoma mapambo yako ya `.psqlrc`, ambayo yangeharibu tarakimu. `ON_ERROR_STOP` ni ya lazima, kwani bila hiyo `psql` ikisoma faili lenye kosa la SQL hulalamika lakini hutoka na jibu la mafanikio, na skripti yako itaandika takataka kwa furaha. `flock -n` inahakikisha kwamba mlinzi wa dakika iliyopita akikwama, wa dakika hii haji kujipanga nyuma yake. Nimewahi kuona mfumo uliojazwa na skripti ya kuuchunga, ndiyo maana pia nimempa `CONNECTION LIMIT 3`.

Na ule mkono wa `ps`, amri ya Linux ya kuorodhesha michakato? Mlinzi ni mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo nafasi zikifika 97 naye atakataliwa. Toleo la 16 limeleta `reserved_connections`, nafasi unazoweza kuwatengea watu kama yeye bila kuwafanya wasimamizi wakuu, lakini wewe uko kwenye 15. Bahati nzuri kila mchakato wa PostgreSQL huandika hali yake kwenye jina lake, kwa hiyo Linux yenyewe itakuonyesha kitu cha namna hii bila kuingia kwenye hifadhidata:

```
postgres: 15/main: postgres stoo 10.0.0.12(50122) idle in transaction
```

Mtumiaji, hifadhidata, anwani alikotoka na anachofanya vyote vipo. Kwa hiyo hata siku ile uliyofungiwa nje ulikuwa na dirisha, ila hakuna aliyekuonyesha.

Kuisoma logi

Iache siku tatu nne bila kubadilisha kitu kingine. Ninajua inauma, lakini ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi lilitibu.

Kabla ya kusoma, angalia saa. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, sisi tuko saa tatu mbele, na juu ya hapo tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Kwa hiyo `07:00` kwenye logi ni 10:00 ya Dar es Salaam, ndiyo saa nne asubuhi yako. Nimeshamwona mtu akipekua logi za saa nne usiku wa UTC akitafuta tatizo la asubuhi.

Safu kwa mpangilio ni: jumla, wanaofanya kazi, walio tuli, miamala iliyoachwa wazi, walio kwenye foleni ya kufuli, umri wa muamala mkongwe ulioachwa wazi kwa sekunde, na kikomo. Mfano huu nimeutunga, tarehe nimeiondoa:

```
06:20:01  41  1 40  0  0    0 100
06:52:01  52  2 33 17  0 1910 100
07:03:01  88  3 21 64  0 2570 100
```

Mstari wa kwanza ndio sura ya afya: 8 mara 5 ni 40, na wa 41 ni mlinzi mwenyewe. Kisha walio tuli wanapungua na walioachwa wazi wanaongezeka, pole pole, bila foleni yoyote. Tazama pia umri. Kati ya mstari wa pili na wa tatu zimepita dakika 11, yaani sekunde 660, na 2570 kutoa 1910 ni 660 kamili. Ni muamala uleule mmoja, haujafungwa na hautafungwa. Hapo unajua kwamba shida si wingi wa wateja. Kuna uzi wa programu uliofungua muamala ukaenda kusubiri kitu ambacho hakiji.

Nikiangalia mfumo wako, dau langu liko hapa, na nitakuambia kwa nini. Ni mfumo wa malipo, kwa hiyo mahali fulani unaita seva ya kampuni ya simu au benki na kusubiri jibu. Kwenye Python kwa kawaida huo wito hufanywa kwa maktaba ya `requests`, na `requests` usipoipa `timeout` haina kikomo cha kusubiri. Upande wa pili ukinyamaza bila kukata, uzi wako unasubiri milele. Na kabla ya kuita, msimbo ulikuwa umesoma oda kwenye hifadhidata. Watu wengi hawajui kwamba `psycopg2`, dereva wa Python wa kuongea na PostgreSQL, hufungua muamala hata kwa `SELECT` tupu, na SQLAlchemy hufuata mtindo huohuo. Muamala huo unabaki wazi mpaka `commit` au `rollback`. Usidhani Gunicorn atakuokoa kwa `--timeout` yake ya sekunde 30: ukitumia nyuzi, saa hiyo inapima kama mchakato mzima bado unapumua, haipimi ombi moja limechukua muda gani. Kuanzia hapo kila malipo yanayokwama yanakula kiti kimoja. Asubuhi wenye vioski wanakuja kufunga mzigo, malipo yanakuwa mengi, na saa nne viti vimekwisha.

Picha zako zikionyesha `idle in transaction` nyingi ambazo `query` yao ni ileile ya kusoma oda, kesi imekwisha.

Sura nyingine ni hii, na ina dawa tofauti kabisa:

```
07:00:01  44  5 39  0  0    0 100
07:01:01  97 79 17  1 76   58 100
```

Dakika moja tu, na watu 76 wako kwenye foleni ya kufuli nyuma ya muamala mmoja ulioachwa wazi. Mara nyingi ni mtu aliyeandika `BEGIN` na `UPDATE` kwenye terminali akaenda kunywa chai, au `ALTER TABLE` iliyozuiwa na muamala huo, kisha kila anayetaka jedwali lile akapanga mstari nyuma ya `ALTER`. Kwenye picha, safu ya `pg_blocking_pids` inakutajia namba ya anayezuia. Ifuate mpaka umpate asiyezuiwa na yeyote, huyo ndiye mwenye kesi. Kama mnabadilisha majedwali mchana, anzeni amri hizo kwa `SET lock_timeout = '3s'`.

Sura ya tatu, ambapo walio tuli ni 90 na hakuna kingine, ni akiba iliyowekwa kubwa mno mahali fulani. Punguza akiba, basi.

Ukishampata

Kumtoa mmoja mmoja tumia `SELECT pg_terminate_backend(pid)`. Kama umefungiwa nje, `kill -TERM` ikifuatiwa na namba kutoka kwenye `ps` hufanya kazi ileile. Kamwe usitumie `kill -9`. Mchakato mmoja wa PostgreSQL ukiuawa hivyo, mama yao hudhani kumbukumbu ya pamoja imeharibika, huwatimua wote na kuanza kujirekebisha upya.

Hilo ndilo linalonirudisha kwenye 500. Miaka kadhaa nyuma nilifuata ushauri huohuo kwenye mfumo wa mteja mmoja. Wiki ya kwanza nilisifiwa. Wiki ya pili miunganisho ilifika 300 na kitu, kila mmoja mchakato wenye kumbukumbu yake, na kila upangaji wa data unaruhusiwa `work_mem` yake, ambayo ni 4MB kwa kawaida lakini mimi nilikuwa nimeipandisha. RAM ikaisha, Linux ikachagua mchakato wa kuua, ikaua wa PostgreSQL kwa nguvu ileile ya `-9`, na duka zima likazimika mchana kweupe. Uvujaji ulikuwa bado upo. Nilichofanya ni kuuongezea ndoo kubwa zaidi.

Kwako ningefanya hivi, kwa mpangilio huu. Kwanza, tengeneza mtumiaji wa kawaida kwa ajili ya programu, tuseme `stoo`, mpe haki anazohitaji, na uiondoe programu kwenye `postgres`. Mwekee `ALTER ROLE stoo CONNECTION LIMIT 85`. Kikomo hicho hakimgusi msimamizi mkuu, ndiyo sababu nyingine ya kutoingia kama yeye. Hii peke yake haitibu, lakini siku ya tatizo utakuwa na mlango.

Pili, mwekee kikomo cha kuacha muamala wazi:

```sql
ALTER ROLE stoo SET idle_in_transaction_session_timeout = '60s';
```

Ipo tangu toleo la 9.6 na haihitaji kuwasha upya hifadhidata. Itashika kwenye miunganisho mipya, kwa hiyo washa upya programu tu. Programu itaanza kupata makosa mahali ambapo zamani ilikuwa inanyamaza. Usishtuke, hayo makosa yatakutajia faili na mstari.

Tatu, rekebisha msimbo wenyewe. Funga muamala kwa `commit` *kabla* ya kuita kampuni ya simu, andika kwenye oda kwamba malipo yanasubiriwa, piga wito ukiwa na `timeout=(5, 20)`, yaani sekunde 5 za kuunganishwa na 20 za kusubiri jibu, kisha fungua muamala mpya wa kuandika jibu. Hii ndiyo dawa. Mengine yote niliyokuandikia ni bendeji.

Nne, kwenye SQLAlchemy weka `max_overflow=3`. Sasa 8 mara 8 ni 64, na unabaki na nafasi za ripoti, za chelezo na zako. Nyuzi 16 kwa mchakato zitagombea miunganisho 8, na hilo ni sawa, kwa sababu kusubiri sekunde mbili ndani ya programu ni nafuu kuliko kukataliwa mlangoni. Ukiwa hapo ongeza `application_name` kwenye anwani ya muunganisho, jina tofauti kwa kila seva ya programu na kila kazi ya ripoti. Gharama yake ni neno moja, na picha zako zitakuwa na majina badala ya anwani za IP.

PgBouncer, programu ya kati ya kugawa miunganisho, usiiguse bado. Ni chombo kizuri mno ukiwa na seva kumi za programu, lakini kwa miunganisho 64 utakuwa umeongeza mtambo mwingine wa kuchunga.

Tahadhari moja kuhusu `picha.log`. `psycopg2` hupachika thamani ndani ya amri kabla ya kuituma, kwa hiyo hizo herufi 100 za `query` zinaweza kubeba namba za simu na majina ya wateja wako, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ndiyo maana nimeweka `umask 027`, inayowazuia watumiaji wengine wa seva kusoma faili hizo. Usiliambatishe faili hilo kwenye WhatsApp kumwonyesha fundi mwenzako, na kwenye `logrotate` liwekee siku 14 kisha lifutwe. `hesabu.log` ni tarakimu tu, iweke hata mwaka: mstari mmoja kwa dakika ni mistari 1440 kwa siku, haifiki hata KB 100.